Damu ya Mahmadi

19 Oktoba

Wanaume wameanza kurudi. Leo basi limeshusha kumi na wanne pale darajani, kila mmoja na begi la mistari na simu mpya. Kijiji chetu kina wanaume miezi minne kwa mwaka. Minane iliyobaki wako Urusi, wanawajengea watu wengine nyumba. Wakirudi tunaoza watoto, tunapika wali, tunatahiri, theluji inayeyuka, wanaondoka. Mimi nafagia zahanati, kwa hiyo naviona na vile walivyoleta visivyoingia kwenye begi.

Naandika nyuma ya daftari la chanjo la mwaka ambao chanjo hazikufika. Karatasi safi kabisa.

21 Oktoba

Jirani yangu Sanavbar anamwoza mwanawe mkubwa, Dilovar, wiki ijayo. Bibi harusi anaitwa Munavvara, ana miaka kumi na tisa, anatoka Sarob, ng'ambo ya mto. Siku hizi mullah hafungishi ndoa bila karatasi ya damu, ya bwana na ya bibi, kwa hiyo msimu wa harusi zahanati hujaa kuliko msimu wa mafua.

Daktari wetu anakaa wilayani na huja Jumatatu akikumbuka. Damu natoa mimi. Cheo changu ni mfagiaji. Marehemu mume wangu alikuwa tabibu wa hapa. Vitabu vyake vya Kirusi nilivisoma vyote alipokuwa amelala, na sindano nilijifunza kwa kuchoma mto wa kulalia, halafu kondoo, halafu yeye.

Leo kaletwa bwana harusi. Ila aliyekaa kwenye kiti na kukunja shati hakuwa Dilovar. Alikuwa Mahmadi, mdogo wake, yule asiyekwenda Urusi kwa sababu ya mguu.

"Andika Dilovar," Sanavbar akasema, amesimama nyuma yake kama anayemshika asikimbie.

"Huyu ni Mahmadi."

"Mwenzake kachoka na safari, ana kihoma, kalala. Tumbo moja, ziwa moja, shoga yangu. Damu ya hawa ni moja. Unataka nini, nimwamshe mtoto kwa kijiko kimoja cha damu?"

Hapa kila mtu husema hivyo, na kila msimu wa baridi nimemtoa kaka damu kwa niaba ya kaka. Wengi hutumana kwa uvivu tu. Niliandika Dilovar. Sanavbar aliacha mezani kitambaa cha kichwa cha Moscow, chenye maua ya zambarau. Sikukikataa. Kinanipendeza.

27 Oktoba

Karatasi zimerudi kutoka wilayani, ya bwana tuliyotuma sisi na ya bibi iliyotumwa na Sarob. Wote wazima. Mahmadi ni mzima kweli kweli.

29 Oktoba

Harusi. Wali sufuria tatu. Dilovar alikuwa akila kwa mkono mbele yangu na niliona kiganja: madoa, mengi, mekundu yaliyofifia kama shaba. Nilitazama mara moja tu, lakini Sanavbar aliniwahi.

"Saruji hiyo," akasema. "Inawamaliza mikono hawa watoto."

Saruji, kwa ninavyojua, inawasha. Dilovar hakujikuna hata mara moja mchana kutwa.

2 Novemba

Nimetafuta ule ukurasa kwenye kitabu cha marehemu. Madoa ya viganjani na nyayoni, yasiyowasha. Nimeusoma, nimefunga kitabu, nimekwenda kumenya viazi.

20 Novemba

Theluji ya kwanza.

3 Desemba

Munavvara anafagia theluji uani kwao kila asubuhi. Mkaza mwana mgeni hasemi kwa sauti mbele ya wakwe. Huyu hasemi hata mbele ya kuku. Mwezi na siku kadhaa tumepakana ukuta, sijaijua sauti yake.

21 Desemba

Nimemwona ameshika mforosadi kwa mikono miwili, anatapika. Aliponiona akajifuta kwa ncha ya ukaya, akatabasamu kama mtu aliyekamatwa anaiba. Sanavbar ananiambia ni achari iliyomdhuru. Mimba changa haitajwi hapa mpaka ijitaje yenyewe. Jicho baya linaogopwa kuliko ugonjwa wowote.

12 Januari

Adiba, mkunga mpya aliyeletwa mwezi uliopita, kawaita wanawake zahanati. Nilidhani watakuja watatu. Wamekuja thelathini, maana zahanati ina jiko la makaa na umeme umekatika tangu juzi.

Ana miaka ishirini na saba, hana mume, na maneno huyatoa kama yalivyo, bila kuyavika nguo. Kisonono. Klamidia. Kaswende. Virusi vya UKIMWI. Kila jina lilipotoka, vichwa thelathini viliinama kutazama zulia ambalo zahanati haina.

"Mwanamke anaweza kukaa na klamidia mwaka mzima asiumwe popote," akasema, "huku mirija ya uzazi inaziba. Kidonda cha kaswende hakiumi. Kinapona chenyewe, unafurahi, na ugonjwa umebaki ndani."

"Na mtu akioga vizuri?" Sanavbar akauliza.

"Akioga vizuri atakuwa mgonjwa msafi, mama."

Halafu akachukua ufagio wangu, akauegemeza mezani, akavalisha mpini kondomu. Hapo zulia likasahaulika.

"Wangu nikimpa hiki," mke wa mwenye kinu akasema, "ataniuliza nimejifunza kwa nani."

"Mwambie umejifunza kwa Adiba."

"Ataniuliza Adiba kajifunza kwa nani!"

Walicheka mpaka mmoja akalilia kwenye ukaya wake. Adiba naye kacheka, kisha akasubiri. "Mume akirudi, apimwe kabla hamjalala pamoja. Akikataa, kondomu. Mkikutwa na kitu, mnatibiwa wote wawili kwa wakati mmoja, na hamkutani mpaka dawa imalizike. Ukitibiwa peke yako, mwezi hauishi umerudi ulipokuwa."

Hakuna aliyegusa boksi la kondomu mezani. Walipoondoka nilifagia, nikahesabu: kumi na moja hazipo. Nikampenda kila mmoja wao kidogo zaidi kuliko jana.

Munavvara hakuletwa. "Ana kazi," Sanavbar kasema.

30 Januari

Tumbo limejitaja. Adiba kaenda mwenyewe hadi getini kwao, kagonga mpaka wamefungua, na Munavvara kaletwa, mama mkwe mbele.

"Unaumwa kichwa?" Adiba akamuuliza Munavvara.

"Hatuumwi," Sanavbar akajibu.

"Umepata vipele? Kidonda chochote?"

"Sisi ni watu wasafi."

"Mtoto ameshacheza tumboni?"

"Bado mapema. Lakini chumvi tunaitamani sana."

Mimba ilikuwa ya Munavvara, dalili zote zilikuwa za mkwewe. Mwenye mimba alikaa ameshika kiwiko alichotolewa damu. Adiba aliichukua mwenyewe. Mimi niliufunga mrija na kuuandika jina, jina la mwenyewe.

4 Februari

Theluji imeporomoka kwenye korongo. Barabara imefungwa. Damu ya Munavvara ilipita siku moja kabla, majibu hayawezi kurudi.

5 Februari. Theluji.

6 Februari. Theluji. Kondoo wa mwenye kinu wameingia ndani ya nyumba na hawataki kutoka.

9 Februari

Nimesinzia kidogo mchana, nimekaa karibu na jiko. Sikuota kitu. Nilipoamka nilijisikia kama niliyeota.

13 Februari

Barabara imefunguka. Gari la wilaya limeleta majibu, vipimo vya haraka vya kidole, na penisilini. Munavvara ana kaswende.

Adiba kawaita Dilovar na mama yake pamoja naye. Mimi nilikuwa nafagia. Aliwaeleza taratibu: sindano tatu, moja kila wiki, mume na mke sawasawa. Ugonjwa unapita kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni. Unaweza kumuua humo humo, au akazaliwa nao. Sindano zikiwahi, mtoto huokoka.

Sanavbar alichomoa kifuani karatasi ya Oktoba, ameitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwanangu ana cheti. Soma. Mzima."

"Cheti cha Oktoba. Tumpime tena leo, mama. Ni tone moja la kidole."

"Apimwe kwa lipi? Aliyekuja na uchafu anajulikana sasa."

"Na huyu naye alipimwa Oktoba, akawa mzima."

"Sarob hata punda wakipimwa ni wazima," Dilovar akasema. "Tunawajua wanavyopima."

Alikuwa ameingiza mikono mfukoni. Munavvara alimtazama, kwa mara ya kwanza nimeona anamtazama, kisha akatazama sakafu niliyokuwa naifagia. Nilifagia pale pale mpaka hapakuwa na kitu cha kufagia.

Walipoondoka naye bila sindano, Adiba akanigeukia.

"Shangazi, damu ya Dilovar ya Oktoba uliitoa wewe?"

"Damu ile niliitoa mimi."

Ni kweli. Mimi husema uongo kwa maneno ya kweli, ndiyo maana nimeaminika hapa miaka thelathini.

17 Februari

Adiba kaenda kwao mara mbili. Geti halikufunguliwa.

20 Februari

Wamempeleka Munavvara kuogeshwa maji ya chemchemi saba. Kwenye theluji hii. Amerudi midomo ya bluu.

22 Februari

Adiba kahesabu wiki za mimba kwenye kalenda ya ukutani, kwa kidole, bila kuandika. "Kila wiki tunayopoteza ni ya mtoto," kasema. Hakuniambia mimi, aliiambia kalenda.

23 Februari

Nimemkuta Mahmadi bombani, anavunja barafu.

"Shangazi, unalala?" kaniuliza.

"Nalala vizuri."

"Mimi silali. Nikisema, kaka ataniua, na mama atamsaidia kunishika."

"Nikisema mimi, nitafukuzwa kazi."

Akafikiri. "Basi wewe ni nafuu."

Kijana huyu nilidhani hana akili kwa sababu ana mguu mbovu. Nimeliandika hilo hapa ili nione linavyoonekana.

26 Februari

Asubuhi alikuja baba yake Munavvara kutoka Sarob, mtu mfupi mwenye kanzu ya pamba na kofia mkononi, kaitwa aje amchukue bintiye. Dilovar alikuwa amekusudia kutamka talaka tatu mbele ya mullah kabla ya wali wa mchana. Safari ya Urusi ni Jumatatu. Alitaka aondoke mwepesi.

Nilivaa kile kitambaa cha maua ya zambarau. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka Sanavbar akione. Nikamchukua Adiba, na Adiba akachukua mkoba wake, na geti lilikuwa wazi kwa ajili ya mgeni, tukaingia.

Wamekaa kuzunguka meza yenye jiko la makaa uvunguni, miguu chini ya mfarishi: mullah, Dilovar, Sanavbar, Mahmadi pembeni, yule baba karibu na mlango ambapo viatu huvuliwa. Munavvara yuko chumba cha pili, pazia limeachwa wazi kiganja kimoja.

"Kaka," nikamwambia yule baba, "kabla hujamchukua, kuna jambo. Damu iliyo kwenye cheti cha mkweo si yake. Ni ya Mahmadi. Niliitoa mimi na jina niliandika mimi."

Nilidhani patakuwa na kelele. Mullah aliweka kikombe chini.

"Mfagiaji kalewa," Dilovar akasema.

"Mfagiaji hajapata hata chai," nikajibu.

"Wivu huo!" Sanavbar akaruka. "Tasa mkubwa wewe, hukuzaa, hukuoza, unachungulia ukuta wa watu! Nani atakuamini? Una shahidi?"

Hapo Mahmadi akakunja mkono wa shati lake. Alikunja tu, kama alivyokunja siku ile, akaweka mkono mezani kati ya vikombe.

Mama yake akampiga kofi. Mkono haukuondoka mezani.

Mullah akamtazama Dilovar. "Mwanangu, huyu mkunga ana kipimo cha damu?"

"Ninacho cha kidole," Adiba akasema. "Robo saa."

"Sitoi kidole changu kwa wanawake."

Yule baba wa Sarob akaiweka kofia yake chini. "Mimi nimetoa binti," akasema. "Wewe toa kidole."

Alitoa. Tone moja kwenye kijiti cha plastiki, Adiba akakiweka juu ya sahani ya tutu kavu, katikati, na watu wote wakakitazama. Sijawahi kuona watu wakitazama sahani hivyo, hata mwaka wa njaa. Chai ilipoa. Sanavbar alikuwa akisoma dua chini chini, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba kinyume chake.

Mstari mmoja ulitokea upesi. Wa pili ulikuja polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Mistari miwili," Adiba akasema. "Wote wawili sindano leo. Wewe hukuletewa na mtu, Dilovar. Wewe ulileta."

"Kule wote wanao," akajibu. Ndiyo kauli yake pekee ya kweli msimu huu. "Kilikuwa kidonda kidogo. Hakikuuma. Nilipaka mafuta, kikaisha."

Adiba aliwachoma pale pale, kila mmoja chumba chake. Penisilini ile ni nzito na inauma kama teke la farasi. Dilovar alimlilia mama yake. Munavvara hakulia. Baba yake alimvisha koti na viatu, akamwambia "Twende, mwanangu," na wakashuka kuelekea mtoni. Talaka haikutamkwa. Hakuna aliyekumbuka.

Sanavbar alinishika mlangoni. "Nivulie kitambaa changu." Nikamvulia.

28 Februari

Nimefukuzwa kazi kwa simu, na daktari aliyesahau kuja kwa Jumatatu mbili. Ni haki. Nimemwambia ni haki, akakasirika zaidi.

2 Machi

Wanaume wameanza kuondoka. Adiba alimpa Dilovar barua ya sindano mbili zilizobaki na pakiti ya kondomu, akamwambia asilale na mtu mpaka amalize dawa, na akimaliza apimwe. Alivipokea kwa adabu. Basi lilipoondoka vilikuwa juu ya ukuta wa daraja, vimeanza kulowa. Barua nimeileta nyumbani. Kondomu zimechukuliwa na mtu kabla yangu, na hilo ni jambo jema.

Nyumba sita zimekuja kupima wiki hii, kwa mlango wa nyuma. Mke wa mwenye kinu alikuja akimvuta mumewe kwa sikio. Kisonono. Wametibiwa wote wawili.

5 Machi

Nimevuka kwenda Sarob na Adiba kwa sindano ya pili. Njia ya mtoni ina barafu, tumetambaa. Adiba alisikiliza tumbo kwa pembe ya mbao muda mrefu. Njiani kurudi alihesabu wiki tena kwa vidole.

10 Machi

Mtoto ametoka. Wiki ya ishirini. Hakuwa hai.

11 Machi

Nilimuuliza Adiba: zile siku kumi na tatu, toka majibu yalipokuja mpaka niliposema. Zingetosha?

"Labda," akasema. "Labda hapana."

Nilikaa na labda ya pili mchana kutwa. Jioni ilikuwa imebaki ile ya kwanza.

12 Machi

Sanavbar anasema bombani kwamba mtoto kauawa na sindano. Wanawake wawili wenye mimba wamemwambia Adiba hawataki kuchomwa kitu. Nilisimama bombani nikasema niliyoyajua yote, tangu kitambaa mpaka sahani ya tutu. Wamenisikiliza vizuri. Mmoja akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Ndoo yangu ilikuwa imejaa, nikaibeba.

Kwa kaka yake huko bondeni, nasikia, Sanavbar kaulizia binti mwingine wa kuolewa na Dilovar msimu ujao.

13 Machi

Sindano ya tatu. Adiba alikuwa na mwanamke wa kuzalisha, akanipa dawa mimi, ingawa haruhusiwi tena kunipa. Nimekwenda peke yangu. Mto umeanza kupasua barafu yake, njia nzima ni kishindo.

Munavvara alikuwa amelala chumba cha nyuma, nywele hazijafunikwa, kama kwao. Nilichanganya dawa. Aligeuza uso ukutani, nikadhani ndiyo basi, ndipo alipozungumza. Ana sauti nene, ya chini. Sikuitegemea.

"Ulipoandika jina lake Oktoba, ulikuwa unanijua?"

"Sikuwa nakujua."

"Na siku ya majibu? Ulipokuwa unafagia miguuni pangu?"

Nilikuwa na maneno. Nina mengi, nimeyasoma. Birika lilikuwa linachemka chumba cha pili na mama yake alikuwa anavunja kuni.

"Nilikuwa nakujua," nikasema.

Akageuka, akaniachia upande ambao haukuwa na alama ya sindano, akavuta nguo mwenyewe.

"Choma, shangazi," akasema. "Choma vizuri."

Nikachoma vizuri.